Niandikie

Msikilizaji, leo naomba tukasimame wote mbele ya dirisha la duka. Duka lenyewe liko Newala, mkoani Mtwara, mtaa alioolewa dada yangu. Lina nondo dirishani, taa moja ya sola, na mizani ya mawe, na kando ya mizani kuna daftari nene lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili kurasa zisitawanyike. Mwaka juzi nilifika pale katikati ya Septemba kumuuguza dada, nikaondoka baada ya mnada wa pili wa korosho. Jioni mgonjwa akishalala nilikuwa natoka kukaa kwenye benchi la nje ya duka hilo kupunga upepo. Siku zilivyokwenda, nikajikuta nausoma uchumi wa wilaya nzima kwa kusikiliza tu watu wanavyoagiza.

Saa kumi na mbili jioni anakuja mtoto, sarafu ya mia tano ameifumbata mkononi: "Baba mdogo, naomba mafuta ya mia tatu na chumvi ya mia mbili." Nyuma yake kuna mama anataka robo ya sukari, kipande cha sabuni ya mche na majani ya chai ya mia moja. Kisha kijana wa bodaboda, pikipiki inanguruma bado, anataka unga nusu kilo. Kwake wako sita, maana dada aliniambia. Nusu kilo kwa watu sita ni tonge mbili tatu kila mmoja, usiku huo huo, na asubuhi inaanza upya. Halafu katika kila watu watano, wawili au watatu wakishapokea walichoagiza hawatoi hela. Wanasema neno moja tu: "Niandikie."

Hapo mpira wa baiskeli unafunguliwa. Mwenye duka aliniruhusu nitazame anapoandika, lakini kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimefunika safu ya majina, na nilimheshimu sana kwa hilo. Nikawa naona tarehe, bidhaa na kiasi. Unga nusu. Sukari robo. Mafuta kipimo kimoja. Unga nusu. Sabuni kipande. Unga nusu. Unga nusu. "Shangazi," akaniambia, "ukitaka kujua msimu utakuwaje, usijichoshe kwenda chama cha msingi. Wewe hesabu kurasa hizi. Mwaka jana Septemba nilikuwa na kurasa kumi na moja za wanaodaiwa. Leo ziko ishirini na tatu, na mwezi haujaisha."

Maneno hayo sijayasahau. Sisi tukitaka kueleza hali ya mkoa tunataja tani za mazao, ushuru uliokusanywa, kilomita za lami. Yote hayo ni sawa. Lakini tani hupimwa mavuno yakishaingia ghalani, na ushuru huhesabiwa mauzo yakishafanyika. Nyumba inapoanza kuyumba, dalili ya kwanza hujitokeza dirishani pa duka: kilo inageuka nusu, nusu inageuka robo, kisha fedha taslimu inageuka "niandikie". Mimi naamini anayetaka kuujua mkoa mapema, kabla ripoti haijaandikwa, ajifunze kuisoma ngazi hiyo ya kushuka.

Serikali nayo ina daftari lake, na sitaki kulidharau hata kidogo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi. Ule wa mwaka 2017/18 ulizifikia kaya zaidi ya 9,000 za Tanzania Bara. Mdadisi anabisha hodi, anaiachia kaya daftari, na kila siku wanaandika: leo tumenunua nini, tumekula nini kutoka shambani kwetu, tumeletewa nini na jirani. Ni kazi ngumu na ya subira. Kutokana na madaftari hayo ndipo unapochorwa ule mstari wa umaskini tunaousikia kwenye taarifa ya habari.

Mstari huo unaanzia jikoni. Wataalamu wanauliza: ili mtu mzima apate kalori 2,200 kwa siku, kwa vyakula ambavyo watu wa kipato cha chini wanavila kweli, anahitaji shilingi ngapi kwa mwezi? Jibu la 2017/18 lilikuwa Sh 33,748. Ukiongeza mahitaji mengine ya lazima, ikawa Sh 49,320. Watu 26 na ushei katika kila 100 wa Tanzania Bara walikuwa chini ya kiwango hicho. Na 8 katika kila 100 hawakufikia hata ile gharama ya chakula peke yake.

Sasa chukua kalamu. Gawanya 33,748 kwa 49,320. Utapata kwamba mtu anayeishi pale pale kwenye mstari huo, hajaanguka wala hajainuka, katika kila shilingi 100 anazotumia, 68 zinaingia sufuriani. Zinazobaki ni 32: kanga, dawa ya mtoto, daftari la shule, nauli ya kwenda msibani, bati linalovuja.

Hesabu ya namna hii ilifanywa zamani na Mjerumani Ernst Engel, aliyekuwa akiongoza ofisi ya takwimu ya Saxony. Mwaka 1857 alichukua hesabu za matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, zilizokuwa zimekusanywa na Édouard Ducpétiaux, akazipanga kwa hali ya maisha. Familia zilizokuwa zikiishi kwa msaada zilitumia karibu 71 katika kila 100 kwa chakula. Zile za wafanyakazi wenye nafuu zilitumia kama 62. Engel akaona kanuni ambayo mpaka leo imebeba jina lake: kadiri kipato kinavyopanda, ndivyo fungu la chakula katika matumizi linavyopungua, hata kama chakula chenyewe kinaongezeka na kuwa kizuri zaidi. Zaidi ya miaka 160 imepita, na mstari wetu wa umaskini, ile 68, umesimama katikati ya wafanyakazi wale wa Ubelgiji.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukisikia kwamba watu wa mkoa fulani wanatumia fedha nyingi zaidi kununua chakula kuliko mwaka jana, usipige vigelegele kwanza. Uliza: wamenunua kingi zaidi, au wamelipa zaidi kwa kile kile? Na zilizobaki mfukoni zimeongezeka au zimepungua? Mama aliyekuwa akinunua kilo ya sukari akahamia kwenye robo nne anaweza kuonekana ametumia fedha nyingi zaidi, naye amerudi nyuma. Tuseme kilo ni Sh 3,000 na robo ni Sh 800. Robo nne ni Sh 3,200. Shilingi mia mbili zimepotea kwa sababu moja tu, kwamba hakuwa na elfu tatu kwa mkupuo. Fanya hivyo kwenye mafuta, unga, sabuni na majani, kila wiki, mwaka mzima. Jirani zetu wa Kenya wana jina la biashara hii ya vipimo vidogo, wanaiita uchumi wa kadogo. Jina ni tamu, lakini kadogo ni ghali.

Kuna jambo jingine kuhusu mfumuko wa bei, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa maana ndipo watu wengi wanapodhani wanadanganywa, na si kwamba wanadanganywa. Kupima mfumuko wa bei kunahitaji kapu la bidhaa, na kila bidhaa ina uzito wake kapuni. Katika kapu lililotumia bei za 2010, chakula na vinywaji baridi vilikuwa na uzito wa asilimia 47.8. Kapu la 2015, asilimia 38.5. Kapu la 2020, asilimia 28.2. Kwa kanuni ya Engel hiyo ni habari njema, taifa kwa ujumla linapanda ngazi, nami naipokea kwa furaha.

Lakini uzito wa kapu hupatikana kwa kujumlisha shilingi za watu wote. Nyumba inayotumia milioni mbili kwa mwezi inaliegemea kapu mara ishirini kuliko nyumba inayotumia laki moja. Kapu likishatoka hapo linafanana zaidi na jiko la mwenye milioni mbili. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2024 tulitangaziwa mfumuko wa bei wa asilimia 3.0, na hesabu ilikuwa sahihi, wakati sukari imeadimika na bei yake imeruka baada ya mvua kubwa kuvuruga uvunaji wa miwa. Mama mmoja sokoni aliniuliza kwa uchungu, "Hiyo tatu wanaipimia wapi?" Nilimjibu kwamba inapimwa nchi nzima, kwa kapu ambalo chakula ni 28. Akaniambia la kwake chakula ni chote. Alikuwa amekaribia ukweli kuliko alivyojua.

Turudi Newala. Kule uchumi wa nyumba una saa yake, na saa hiyo ni mkorosho. Kuanzia Mei na Juni mkulima anapulizia salfa, na salfa ni hela. Minada inaanza Oktoba. Katikati hapo kuna miezi ambayo mahindi na makopa vinaelekea kuisha, korosho bado iko mtini, na watoto wanakula kila siku. Hapo ndipo anapoingia kangomba.

Kwa wasiolijua neno hili: kangomba ni biashara ya kununua korosho ya mkulima kwa kificho, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mara nyingi ikiwa bado haijaanguka chini. Mnunuzi anakuja na unga au na fedha ya unga, anaondoka na ahadi ya korosho kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku miaka mingi, na viongozi wamekaripia sana. Lakini nadra sana kusikia kiongozi akitaja kwamba kangomba huanzia kwenye deni la dukani. Ukurasa wa daftari ukijaa, mwenye duka naye ana mtaji wake wa kulinda, anasema kwa upole, "Ndugu yangu, punguza kwanza la zamani." Siku hiyo hiyo usiku kangomba anabisha hodi.

Mwaka 2018 ulituonyesha jambo hili wazi kabisa. Msimu wa nyuma yake bei mnadani ilikuwa imevuka Sh 4,000 kwa kilo, watu wakajenga, wakanunua pikipiki, madaftari yakafutwa. Oktoba 2018 wanunuzi walipokuja na bei za chini, wakulima walikataa kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akaagiza Serikali inunue korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo, na magari ya Jeshi yakaanza kusomba. Malipo yakasubiri uhakiki, ili wenye kangomba wasilipwe. Wapo waliolipwa upesi, na wapo waliosubiri hadi mwaka mwingine ukaingia.

Zile namba za mstari wa umaskini ni za wakati huo huo, kwa hiyo tunaweza kuziweka pamoja. Gawanya Sh 49,320 kwa Sh 3,300. Unapata kilo 15. Mtu mzima mmoja asiyekuwa na kipato kingine alihitaji kilo 15 za korosho kila mwezi asianguke chini ya mstari, yaani kilo 180 kwa mwaka. Nyumba yenye sawa na watu wazima wanne, kilo 720. Sasa tuseme sehemu ya mzigo huo alikwisha kumpa kangomba kwa Sh 1,500. Kwa bei hiyo kilo 15 zinakuwa 33. Mkulima yule yule, mikorosho ile ile, jasho lile lile, lakini anatakiwa avune zaidi ya mara mbili ili ale kile kile. Katika takwimu za tani za mkoa, kilo aliyoiuza kwa 1,500 na kilo iliyouzwa kwa 3,300 zote zinasomeka kilo moja. Tofauti yake imeandikwa dukani tu.

Nilimwuliza mwenye duka: ule msimu wa 2018 daftari lako lilikuwaje? Alinyamaza kidogo. Kisha akasema alifunga duka miezi mitatu, kwa kuwa bidhaa zote zilikuwa zimegeuka karatasi. Hakumlaumu mtu. Waliokuwa wakidaiwa ni majirani zake, aliozika nao na kuoza nao, na yeye mwenyewe alikuwa akidaiwa na mwenye duka la jumla Masasi. Niandikie ya unga nusu ilikuwa imeandikwa tena Masasi kwa kalamu nyingine, kwa hesabu kubwa zaidi.

Lazima niseme pia mahali ambapo daftari la duka linaweza kutupotosha, nisije nikawapeleka njia ya mkato. Tazama Rukwa. Utafiti ule wa 2017/18 uliukuta Rukwa ndio mkoa wenye umaskini mkubwa kuliko yote ya Bara, watu 45 katika kila 100 wakiwa chini ya mahitaji ya msingi. Dar es Salaam walikuwa 8. Na Rukwa ni mkoa unaolisha wengine, mahindi yake yanapanda malori kwenda mbali. Ukienda dukani Sumbawanga vijijini ukatafuta "unga nusu, unga nusu" kama nilivyoona Newala, unaweza usione, kwa sababu unga unatoka kihengeni kwao. Ukahitimisha kwamba hali ni shwari, ukakosea vibaya.

Kwa mkulima anayejilisha, soma vile asivyoweza kulima: chumvi, sabuni, mafuta, kiberiti, daftari la mtoto. Akianza kuuza debe la mahindi ili anunue sabuni, na bei ya debe imelala wakati wa mavuno, kile kihenge kilichojaa kinakuwa ndiyo pochi yake yote. Daftari la Serikali linalijua hili, ndiyo maana linaandika na chakula kilichotoka shambani. Daftari la duka halilijui. Tunayahitaji yote mawili, moja kwa upana wake na jingine kwa upesi wake, maana utafiti mkubwa unakuja kwa miaka mingi. Kabla ya ule wa 2017/18 tulikuwa na wa 2011/12. Katikati hapo mtoto anazaliwa, anaanza shule.

Ninachokiomba kwa halmashauri zetu ni kidogo. Tuna maafisa biashara, tuna maafisa watendaji wa kata na vijiji wanaopita mitaani kila wiki. Wakapite kwenye maduka kumi ya kila kata, mara moja kwa mwezi, na maswali matatu. Unga unaotoka sana ni wa kilo, nusu au robo? Mwezi huu wanaokopa wameongezeka au wamepungua? Kitu gani watu wameacha kabisa kununua? Wasiulize majina. Wasiulize leseni siku hiyo, maana wakiuliza leseni hawatajibiwa tena. Majibu yale yakipangwa kwa miezi, mkuu wa wilaya ataiona njaa ya Agosti ikiwa Juni. Chakula cha msaada au mkopo wa pembejeo ungefika kabla kangomba hajabisha hodi. Lile swali la tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Pale Newala walikuwa wameacha maziwa ya unga kwanza, kisha mchele, kisha sukari ikawa robo. Mwenye duka alinitajia mpangilio huo bila kufikiri, kama mtu anayetaja watoto wake kwa kufuatana.

Mnada wa pili ulipita siku ya Ijumaa. Baada ya siku kadhaa fedha zikaanza kuingia benki, na jioni ile benchi lilikuwa limejaa, nikasimama. Yule kijana wa bodaboda alikuja na babake, mzee mwenye shamba. Mzee akaomba asomewe. Mwenye duka akasoma kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, tangu Julai, na mzee akaitikia kila mstari, "Ndiyo. Ndiyo." Akalipa yote. Mwenye duka akapiga mstari kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Kisha mzee akaagiza sukari kilo moja, mchele kilo tatu, na mafuta ya chupa, chupa nzima yenye kizibo chake. Mtoto mdogo aliyekuja nao akaomba kuibeba ile chupa mwenyewe.

Walikuwa wamekwisha kugeuka kuondoka pale mzee aliporudi dirishani, akaweka mkono juu ya nondo.

"Ukurasa wangu usimpe mtu mwingine," akasema. "Februari si mbali."